Neno Kabla ya Pigo

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Barua zako mbili, ile ya Desemba na ile ya Januari, ziko chini ya mto wangu. Kila siku nilisema nitajibu kesho, mpaka kesho hizo zikatimia miezi miwili. Ulitufundisha kwamba asiyejibu salamu ana jambo. Kweli, ninalo.

Mama hajambo. Anakusalimu na kuuliza kama paa limezibwa au bado unakinga maji kwa sufuria sebuleni. Mke wangu hajambo, cherehani yake haipumziki. Mwanetu ameota meno mawili na anayajaribu makali yake kwa kila kitu. Juzi nilimkuta ameng'ata mpira wa gongo langu.

Naam, gongo. Nimepasuliwa goti la kushoto tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Niliteleza kiwandani. Unaijua kazi yangu: nakaa mbele ya ukuta wa taa, chupa zinapita, nami natoa zenye ufa. Sakafu yetu haikosi maji na vigae vya chupa. Niliteleza nikaangukia goti, basi.

Daktari anasema mfupa haukuvunjika. Kilichobanduka ni gegedu, ile nyama ngumu nyeupe unayoiona kwenye kiungo cha kuku. Limeacha shimo la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na gegedu, Mjomba, haliponi lenyewe kama ngozi. Kwa hiyo alichonga vipande pembeni mwa goti, mahali pasipobeba uzito, akavigongomelea shimoni. Kugongomelea ni neno lake, si langu. Nilichomwa sindano ya mgongo, sikuhisi maumivu, lakini masikio yalikuwa macho. Nilisikia nyundo. Ilipiga ndani ya mwili wangu, huku daktari akimsimulia nesi habari za mpira.

Nimekatazwa kukanyaga kwa wiki sita. Kila asubuhi mke wangu ananipeleka kwenye chumba cha mazoezi ya hospitali, kwa mwanamke mmoja mfupi mwenye mikono ya muashi. Wagonjwa tunamwita Mama Kunja, kwa sababu ndilo neno pekee analolijua.

Uliuliza habari za mgomo. Umekwisha. Watu wamerudi kazini, wale wenye miguu.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ukimya nimekusamehe. Penseli sijakusamehe. Penseli ni ya seremala, na ya mtu anayetaka kufuta. Barua ya kwangu iandike kwa wino.

Mwambie dada yangu kwamba paa nimeliziba mwenyewe, kwa mikono yangu, na nimeshuka ngazi nikiwa mzima, asianze kulia. Jogoo mwekundu ananitazama kama mfungwa aliyezoea gereza. Siku zake zinahesabika. Kaka yako, mwanangu wa kumzaa, alikuja Februari, akakaa siku tatu. Amepata kazi ya ulinzi katika kampuni fulani. Wanapakiwa kwenye lori, wanapelekwa panapohitajika, wanarudishwa. Hasemi ni wapi, nami sikumuuliza, maana kazi ya ulinzi ina siri zake. Ametulia mno. Alikula, akaosha sahani yake, akalala mchana kutwa ameugeukia ukuta.

Sasa goti. Nilifanya kazi gerezani miaka ishirini na sita, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa mkufunzi wa askari. Tulikuwa na kitabu cha matukio, na mwenye mwandiko mzuri nilikuwa mimi. Neno "aliteleza" nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Wa kwanza alikuwa mwizi wa nyaya. Aliteleza ndani ya chumba kikavu kisicho na hata tone la maji, taya likavunjika mara mbili, meno manne tukayafagia pamoja na vumbi. Najua jinsi alivyoteleza kwa sababu nywele zake nilizishika mimi. Usiniletee neno nililolitunga mwenyewe.

Nataka mambo matatu. Nani alikupiga? Alikupiga kwa mkono upi? Goti lilipigwa upande gani? Na uniletee nakala ya karatasi ya daktari, si maelezo yako. Wewe ni mwongo mbaya tangu utotoni. Masikio yako husimama.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni wino. Imevuja kwenye shuka, mke wangu anakusalimu kwa sauti ya juu.

Mama hajambo, ila haniulizi kitu. Ananikanda mguu mzima, anaruka goti, anashuka kwenye unyayo.

Ni kweli, nilipigwa. Januari chupa moja ililipuka ikitoka kwenye tanuri, kigae kikamwingia binti wa zamu ya asubuhi kwenye jicho. Jicho lilitoka. Tuliomba miwani ya kukinga, tukaambiwa tuwe waangalifu. Tukakaa chini uani, watu mia na ishirini, hatukuvunja hata dirisha. Tulikaa siku nne. Siku ya tano asubuhi geti lilifunguliwa, lori likaingia kinyumenyume, wakashuka wanaume wenye kofia ngumu zilizofunikwa vioo vyeusi mpaka kidevuni. Hakuna aliyesema tuondoke. Walianza na waliokuwa mbele.

Unamkumbuka yule mzee mpakiaji niliyekuandikia habari zake, tuliyemwita Babu Boksi, aliyekuwa akifunga maboksi huku akihutubia? Alinyanyua mikono. Mmoja alimpiga kirungu cha kisogo, akaanguka. Mwingine akamkanyaga sikio kwa buti kama mtu anayezima sigara. Alirudia. Damu ilitoka kwenye sikio la upande wa pili. Alikufa siku ya tatu. Mpishi wa kantini alivunjwa vidole kimoja kimoja kwa sababu alishika geti.

Mimi nilikuwa nimekaa. Mmoja alinijia moja kwa moja, akanishika ukosi, akaninyanyua. Nguvu zake zilikuwa za kijana. Alinisimamisha wima, akasema neno moja, kisha akapiga. Goti lilitoa sauti kama chupa ya lita inayotumbukizwa kwenye maji ya moto. Nadhani alitumia mkono wa kulia. Alipiga kutoka nje.

Baraza la uchunguzi limeundwa. Karani wake amekuja mara mbili na mkoba wake. Anauliza kama nilimwona uso, kwa sababu wenzangu wamemwambia kioo cha yule bwana kilipanda alipokuwa akipiga, na kwamba mimi ndiye mwenye kazi ya kuona ufa usioonekana. Ananisihi. Akipatikana mmoja, anasema, atawataja wenzake, na aliyemuua mzee atajulikana. Bila huyo mmoja hawana kitu. Nimemjibu sikuona.

Mama Kunja ameanza kunikanyagisha. Jana alinilaza kifudifudi, akaukamata mguu kama anayekamua nguo.

"Kunja."

"Umefika mwisho."

"Mwisho naujua mimi. Wewe kunja."

"Mama, nakufa!"

"Wanaokufa huwa hawana kelele. Kunja."

Ndani ya goti kitu kilichanika, nikasikia kama kitambaa kinachopasuliwa, nikatapika kwenye beseni. Alipima kwa rula yake: nyuzi sabini. Akanipiga kofi la mgongo akaniambia, "Umezaa."

Karatasi ya daktari naiambatanisha.

Mpwa wako


10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Jogoo bado yu hai. Nimepanda mboga nyuma ya choo na mvua inazipenda. Nyumba nzima ni mimi na redio, na redio ndiyo yenye maneno mengi.

Karatasi ya daktari nimeisoma mara tatu, nikiwa na miwani na nikiwa bila miwani. Imeandikwa kwamba jeraha la nje lilikuwa upande wa ndani wa goti la kushoto. Umenidanganya, au umejidanganya. Anayekukabili na kirungu mkono wa kulia hupiga goti lako la kushoto kwa nje. Ili apige kwa ndani, lazima akushike ukosi kwa kulia, akutanue miguu kwa buti, kisha apige kwa kushoto kutoka chini. Mtu wa mtaani hapigi hivyo. Huyo alifunzwa.

Tena najua alikofunzwa. Pigo hilo nililiunda mimi. Mfungwa hutazama mkono wa kulia wa askari, kwa hiyo niliwafunga makuruti mkono wa kulia kwenye mkanda, wakapiga kwa kushoto asubuhi mpaka mchana, mpaka kiganja kikachubuka na damu ikashuka kwenye kirungu. Wamepita mikononi mwangu mia tatu na zaidi.

Nilikuwa na kanuni moja tu ambayo sikuivunja. Humpigi mtu kabla hujamtajia mahali utakapompiga. Unataja, kisha unapiga. Niliamini kwamba tofauti ya askari na jambazi ilikuwa hapo. Walionirithi waliicheka kanuni hiyo, wakaiacha wiki ileile niliyostaafu. Kinachonitatiza ni kwamba wewe unasema nguvu zake zilikuwa za kijana, na wanafunzi wangu wa mwisho sasa ni watu wenye vitambi.

Umeandika kwamba alisema neno moja. Neno gani? Alisema "goti"?

Nijibu. Nikishampata, sitamngojea karani wala baraza. Nitamsimamisha, nitamtajia, na nitalivunja goti lake kama alivyolivunja lako, kwa mkono uleule. Naapa kwa kaburi la mke wangu. Na usidhani ni maneno ya mzee. Kirungu changu kiko juu ya kabati, nacho kimepakwa mafuta.

Nimemwandikia kaka yako. Yumo katika kazi hizo, anawajua watu. Atatusaidia kumtafuta.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama aliugua tumbo wiki mbili, sasa anakula. Mtoto anasimama kwa kushika kiti. Tunajifunza kutembea pamoja, mimi na yeye, na yeye ananishinda, akianguka anacheka.

Nimefika nyuzi mia na kumi. Mama Kunja amenipandisha baiskeli isiyokwenda popote. Baada ya dakika tano jasho linadondoka sakafuni, goti linalia kama mlango wa stoo, na yeye anasimama nyuma yangu akila karanga. "Unaendesha kama unamfuata mdai wako," aliniambia jana. "Endesha kama yeye anakufuata wewe." Daktari amesema kupiga magoti ndiko kutakuja mwisho, miezi mingi bado. Gegedu jipya ni laini kama yai lililochemshwa nusu. Mtu akilikimbiza linapasuka, na likipasuka hakuna lingine la kuchonga.

Neno alilosema nimelisahau. Kulikuwa na kelele. Na mkono huenda nilichanganya.

Mjomba, nakuomba usimtafute. Na umwache kaka, usimsumbue kwa jambo hili. Ana kazi yake.

Mjane wa mzee mpakiaji alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akauliza goti langu linaendeleaje. Nilimwambia linaendelea vizuri. Akasema, "Vizuri, mwanangu." Alikaa karibu saa nzima, hakuuliza lingine, kisha akaondoka. Ningependa angenitukana.

Sijui kwa nini, siku hizi nakumbuka lile gunia la mchanga ulilolitundika uani kwako. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka kumi na sita, wewe ulikuwa umestaafu mwaka huohuo. Mimi nililishika gunia kwa nyuma, yeye alilipiga, mkono wa kulia umefungwa kwenye mkanda. Kila pigo lilipita kwenye mchanga likanigonga kifuani, nami nilijivunia kwamba sianguki. Ulisimama pale na kikombe chako cha chai. Ulikuwa ukimrudisha mwanzo kila aliposahau kutaja.

Ni hayo tu. Baraza litakaa tarehe kumi na tano Oktoba. Karani anasema mlango wake uko wazi mpaka siku hiyo.

Mpwa wako


21 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe sita Mei niliipata tarehe kumi na nne. Niliisoma mara moja tu.

Dada yangu apone kabisa. Mboga zimekufa zote. Mvua ilikata katikati ya Mei na udongo umepasuka kama kisigino. Jogoo nimemchinja.

Kaka yako alikuja siku ya mwisho ya Juni. Aliteleza uani. Ni goti. Wameniambia atahitaji kupasuliwa, na hospitali inayofanya kazi hiyo ni hiyo ya huko kwenu. Amekwisha ondoka.

Gunia nimelishusha. Mchanga wake nimeujaza kwenye shimo la njia mbele ya nyumba, na watu wanalikanyaga vizuri.

Jambo hili limekwisha. Usiniandikie tena habari za baraza. Fanya mazoezi yako.

Mjomba wako


28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mtoto anakimbia na kuvunja vikombe. Mke wangu ameshona mto mnene wa kuweka chini ya goti langu, na juu yake ametarizi ua, ili nikilia nilie juu ya kitu kizuri. Natembea bila gongo tangu Agosti. Nimerudi kazini nusu siku, mbele ya ukuta wa taa, na watu wa kwenye mstari sasa wamepewa miwani. Ilimgharimu binti jicho na mzee roho yake, lakini miwani imekuja.

Barua yako ya Julai niliisoma mara nyingi kuliko ulivyoisoma yangu. Uliiandika kwa penseli.

Wiki tatu zilizopita niliingia chumba cha mazoezi, nikakuta mwanamume amelazwa kifudifudi kwenye kitanda cha pili. Mama Kunja alikuwa amemkalia mgongoni. Nilikijua kisogo kabla ya kuuona uso.

"Njoo ulale hapa kando ya mwenzako," alisema Mama Kunja. "Goti moja, upande mmoja, alama ileile ndani. Kama viatu vya dukani. Ninyi ndugu?"

"Mtoto wa mjomba," nilisema.

"Mlianguka ngazi moja?"

"Tuliteleza," alisema kaka, mdomo ukiwa ndani ya mto.

Chumba kizima kilicheka. Mwenye nyonga alicheka, mwenye mkono wa plasta alicheka. Kaka alicheka pia, mpaka Mama Kunja alipomkunja, kicheko kikageuka kilio, na tangu utotoni sikuwahi kumwona akilia. Wewe ulimkataza.

Hatukusemezana siku nne. Siku ya tano tuliwekwa kwenye baiskeli mbili zilizotazamana na ukuta. Ndipo alipoanza, bila kunigeukia.

"Mzee aliniita nije nimsaidie kumtafuta mtu. Nikaja. Nilikuta gunia limetundikwa. Akasema, piga, nione kama hujasahau. Nikapiga."

"Ukataja?"

"Nilitaja. Mdomo ulitaja wenyewe." Alikanyaga pedali mara kadhaa. "Akaingia ndani, akatoka na kirungu. Nilikuwa na uwezo wa kumrusha juu ya paa, unajua? Mzee wa miaka sabini, mikono imebaki mifupa. Akanishika ukosi. Buti hana siku hizi, amevaa ndala. Miguu niliitanua mwenyewe."

"Alitaja?"

"Alitaja. Pigo la kwanza likaenda pajani. Akataja tena. La pili likagonga mfupa wa chini, damu ikajaa kwenye kiatu. Akataja tena. Mara tatu, mdogo wangu. Baada ya la tatu alikaa chini kwenye vumbi kando yangu, akaniambia niseme nimeteleza."

Mama Kunja alipita akatuambia kwamba midomo haina gegedu, tufanye mazoezi ya miguu. Tuliendesha.

Kisha nilimuuliza kuhusu siku ile. Alisema alinijua tangu lori linaingia. Alisema mwenzake wa kulia alikuwa akipiga vichwa, na safu yangu ilikuwa ya mwenzake huyo, akakimbia kunifikia kwanza. "Goti linatibika," alisema. "Kichwa hakitibiki." Sijui kama ni kweli, Mjomba, au ni hadithi aliyojitungia akiwa kitandani ili apate usingizi. Kioo chake kilipopanda nilimwona akiniangalia usoni, hilo ni kweli. Na neno alilitaja kwa upole, kama ulivyotufundisha. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniamsha.

Anamjua aliyemkanyaga mzee sikio. Analijua jina lake na nyumba anayolala. Nikamwambia aende kwa karani mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Kwa miguu yangu siendi. Wewe nitaje. Nikiitwa, nitasema yote, sitaacha mtu. Lakini wataniuliza na goti langu, na mimi nimechoka kuteleza."

Basi ndivyo lilivyosimama. Nikinyamaza, mzee mpakiaji ameteleza naye, na aliyemuua ataendelea kupanda lori. Nikimtaja kaka, kaka atakutaja wewe, nawe utaingia kwenye gereza lile, kwa geti lile, na pengine kitabu kitakuwa kilekile. Wewe ulinilisha. Ulininunulia viatu vya kwanza vya shule, na ulitembea na mimi nikiwa na homa ya uti wa mgongo, mgongoni mwako, kutwa nzima. Sijasahau.

Nilimsomea Mama barua zako zote. Nilidhani atanikataza. Alipindua shati alilokuwa akilikunja, akalikunja upya, akasema, "Kaka yangu ni kaka yangu. Na yule mzee alikuwa kaka wa mtu." Kisha akaniomba nimsogezee kikapu.

Leo Mama Kunja amenipigisha magoti kwa mara ya kwanza. Aliuweka ule mto wenye ua sakafuni, akasema nishuke taratibu, nisiogope. Niliogopa. Goti lilipogusa mto maumivu yalipanda mpaka kwenye meno, nikashika kitanda cha kaka, kaka akanishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka Mama Kunja alipohesabu thelathini. Hakuharakisha hata moja.

Karani atakuja tarehe kumi na mbili, siku tatu kabla ya baraza. Bado sijaamua. Hujaniomba ninyamaze na najua hutaniomba. Nami sikuombi ruhusa.

Nikishaamua, nitakuandikia, kwa wino. Barua hiyo itatoka kwangu kabla sijafungua mdomo mbele ya mtu mwingine yeyote. Kanuni ni yako, Mjomba. Mtu hutajiwa kwanza mahali atakapopigwa.

Mpwa wako